Kuunganisha mafaili 12 ya mwezi kwenye Stata kwa kutumia makro: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kila msimu wa tasnifu ukifika napata ujumbe uleule, maneno ndiyo yanabadilika: nina mafaili 12 ya CSV (data ya maandishi, safu zimetenganishwa kwa mikato), Januari mpaka Desemba, nimeandika lupu (amri zinazojirudia kwa kila faili) ya kuyaunganisha, Stata, ile programu ya kuchambua takwimu, inagoma. Au mbaya zaidi haigomi, inamaliza vizuri tu, halafu mtu anakuja kugundua wiki ya kutetea kwamba Agosti haimo. Hili la pili ndilo linaniuma zaidi, maana Stata ikikuta makro tupu (makro ni jina linaloshika maneno, tutaieleza hatua ya 2) haikuambii kitu, inaacha patupu pale na kusonga mbele. Kwa hiyo humu ndani kila hatua inakupa namba ya kuhesabu, na namba isipokubali kazi inasimama palepale.

Mfano wangu ni mahudhurio ya kliniki ya wajawazito kwenye vituo vya wilaya moja. Wewe weka majina ya data yako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa kitu

- Stata toleo la 14 kwenda juu.
- Mafaili 12 ya CSV, yameitwa m01.csv, m02.csv mpaka m12.csv. Kila moja lina safu tatu: kituo (namba ya kituo, tarakimu 6), mahudhurio, na wapya.
- Orodha ya vituo vyote vya wilaya, kila kituo mstari mmoja, safu zake: kituo (namba ileile ya tarakimu 6), jina, kata.
- Folda moja kubwa yenye folda tatu ndani: ghafi, safi, matokeo.
- Karatasi na kalamu, sitanii. Andika kila faili lina mistari mingapi (ule wa majina ya safu usiuhesabu) na orodha ina vituo vingapi.

Onyo la kwanza kabisa: usifungue CSV kwenye Excel ukaiseivu. Kituo namba 010234 kikipita Excel kinatoka 10234, sifuri imekwenda, na ukija kuunganisha na orodha hakimpati mwenzake. Kama unataka tu kuchungulia, fungua kwa Notepad. Vilivyomo ndani ya ghafi haviguswi mpaka kazi iishe.

## Hatua ya 1: Kichwa cha do-faili

Fungua do-faili jipya (faili la kuandikia amri za Stata), andika hivi juu kabisa:

    version 14
    clear all
    set more off
    capture log close
    global mzizi "D:/vituo"
    log using "$mzizi/matokeo/unganisha.log", replace text

Ona mkwaju kwenye njia ya folda, umelalia mbele (/), hata kama unatumia Windows. Ukiweka ule wa nyuma (\) halafu baada yake ikaja makro, Stata inauchukulia kama amri ya kutoifungua ile makro, na utakaa hapo mchana kutwa. Mkwaju wa mbele unafanya kazi kwenye kompyuta zote, zoea huo.

Global (makro inayoonekana popote) nimetumia moja tu, ya njia ya folda, kusudi ukihamia kompyuta nyingine ubadilishe mstari mmoja. Global nyingine sishauri. Inabaki kwenye kumbukumbu mpaka ufunge Stata, kwa hiyo ya kazi ya jana inaweza kuingia kwenye kazi ya leo bila kupiga hodi.

Umefaulu ukiona faili la unganisha.log limezaliwa ndani ya matokeo.

## Hatua ya 2: Elewa makro ni nini hasa

Makro ni jina ulilolipa maneno. Stata ikifika kwenye mstari, kwanza inang'oa jina na kubandika yale maneno, ndipo inausoma mstari. Jaribu hii sasa hivi:

    local a 2+2
    local b = 2+2
    display `a'*3
    display `b'*3

Ya kwanza inatoa 8, ya pili inatoa 12. Kwa nini? Makro a imehifadhi maandishi 2+2, kwa hiyo Stata imesoma 2+2*3, kuzidisha kukatangulia. Makro b ina alama ya sawasawa, imepiga hesabu kwanza ikahifadhi 4. Ukihifadhi orodha ya majina usiweke sawasawa, ukihifadhi matokeo ya hesabu weka.

Sasa zile alama. Ya kufungulia ni ile inayokaa kwenye kitufe cha juu kushoto chini ya Esc, pamoja na kiwimbi. Ya kufungia ni ile ya kawaida karibu na Enter. Ni vitufe viwili tofauti. Ukikopi amri kutoka Word au WhatsApp zinaweza kugeuka kuwa zile zilizojipinda na Stata haizijui, kwa hiyo chapa mwenyewe kwa mkono.

Kuna dada mmoja, muuguzi, alikuja na laptop yake baada ya siku tatu za kuhangaika. Kwenye skrini maandishi mekundu yanasema faili halipo, na faili analiona kwa macho kwenye folda, ameshahamisha folda mara nne. Nikamwambia soma jina la faili ambalo Stata inasema haijaliona. Lilikuwa m'm'.csv. Hapo hapo tukajua ni kitufe, ametumia alama moja pande zote mbili. Ujumbe huo ukiusoma vizuri unakupa jibu lenyewe:

- Ukisema m'm'.csv halipo, umekosea kitufe.
- Ukisema m.csv halipo, makro ni tupu.
- Ukisema m13.csv halipo, makro iko sawa, faili ndilo halipo kweli.

Yote matatu yanatoka na namba ileile ya kosa, r(601), ndiyo maana watu wanahangaika na folda wakati tatizo liko kwenye kibodi.

## Hatua ya 3: Acha kuendesha mistari vipande vipande

Hapa ndipo wengi wanaanguka na hawajui wameanguka. Makro ya local inaishi ndani ya mwendo mmoja tu. Ukichagua mistari mitatu kwa mausi ukaiendesha, local zilizomo zinazaliwa na kufa hapo hapo. Ukija kuchagua mistari inayofuata na kuiendesha, zile local hazipo tena, na Stata haisemi hazipo, inaweka patupu.

Angalia hatari yake. Tuseme una:

    local safu kituo mahudhurio wapya
    summarize `safu'

Ukiendesha mstari wa pili peke yake Stata inasoma summarize tupu na inakupa muhtasari wa safu zote za data, kosa lolote halionekani. Hapo una bahati. Kama ni mstari wa kufuta au wa kubadilisha data, bahati hiyo huna.

Kwa hiyo endesha do-faili zima toka juu kila mara. Likiwa refu na unataka kujaribu kipande, chagua pamoja na mistari ya local inayokihusu. Ukishuku makro ni tupu, andika:

    display "|`safu'|"

Ukiona vijiti viwili vimegusana, hamna kitu ndani. Na macro list inakuonyesha makro zote zilizo hai.

## Hatua ya 4: Faili moja kwanza

Usikimbilie lupu. Faili moja likikushinda, 12 yatakushinda mara 12.

    import delimited "$mzizi/ghafi/m01.csv", varnames(1) stringcols(_all) clear
    describe
    list in 1/5

Ile stringcols(_all) inaambia Stata isome kila safu kama maandishi, na sababu ziko mbili. Ya kwanza ni zile sifuri za mbele kwenye namba ya kituo. Ya pili, mwezi mmoja safu ya mahudhurio inaweza kusomwa kama namba, mwezi mwingine kuna karani kaandika "haikuripoti" ikasomwa kama maandishi, na ukiyaunganisha hayo Stata inagoma na r(106). Yakiwa yote maandishi yanaingia bila ugomvi, usafi tutaufanya mara moja mwishoni.

Umefaulu kama safu zote zinaanza na str kwenye describe, na kituo cha kwanza bado kina sifuri yake.

## Hatua ya 5: Lupu yenyewe

    clear
    tempfile zote
    save "`zote'", emptyok

    local safu kituo mahudhurio wapya
    local jumla = 0

    foreach m in 01 02 03 04 05 06 07 08 09 10 11 12 {
        import delimited "$mzizi/ghafi/m`m'.csv", varnames(1) stringcols(_all) clear
        confirm variable `safu', exact
        keep `safu'
        assert _N > 0
        generate mwezi = real("`m'")
        local jumla = `jumla' + _N
        display "mwezi `m': mistari " _N ", jumla mpaka hapa `jumla'"
        append using "`zote'"
        save "`zote'", replace
    }
    assert _N == `jumla'

Tempfile ni faili la muda, Stata inalifuta yenyewe do-faili likiisha, kwa hiyo folda yako haijai vitu vya majaribio. Tunaanza nalo likiwa tupu, kila mwezi unabandikwa juu ya iliyotangulia.

Miezi nimeiandika mmoja mmoja kwa makusudi. Watu wanaandika forvalues m = 1/12, Stata inatoa 1 wala si 01, inaenda kutafuta m1.csv ambalo halipo.

Mstari wa confirm variable ndio mlinzi wa mlangoni. Tuseme faili la Mei mtu kaandika hudhurio badala ya mahudhurio. Bila huo mstari na ule wa keep unaoufuata, append (amri ya kubandika faili chini ya jingine) inakuongezea safu mpya iitwayo hudhurio, na Mei nzima inabaki na mapengo kwenye mahudhurio, kimya kabisa. Ukiwepo, lupu inasimama na r(111) na kukutajia jina ambalo halipo. Neno exact mwishoni usiliache, bila hilo Stata inakubali majina yaliyofupishwa.

Na assert ni kama kumwambia Stata naapa hili ni kweli, kama si kweli simama. Haina gharama yoyote, zijaze popote unapodhani una uhakika.

Umefaulu ukiona mistari 12 ya "mwezi", na kila namba inalingana na uliyoandika kwenye karatasi. Wilaya yenye vituo 84 vilivyoripoti miezi yote lazima itoe mistari 1,008. Ikitoka 1,006, kuna vituo viwili havikuleta mwezi mmoja au kimoja hakikuleta miwili, katafute ni nani.

## Hatua ya 6: Kugeuza maandishi kuwa namba

    destring mahudhurio wapya, replace

Kukiwa na herufi sehemu Stata inakataa safu hiyo na kusema ina vitu visivyo namba. Wakati huo mkono unawasha kuongeza force. Usiongeze. Force inageuza kila isichokielewa kuwa pengo, na ule mkato wa maelfu kwenye "1,204" unatosha kufuta mahudhurio ya wanawake 1,204 kwenye ripoti yako. Angalia kwanza nini kimejificha:

    list kituo mwezi mahudhurio if missing(real(mahudhurio)) & mahudhurio != ""

Mara nyingi utakuta mikato ya maelfu, herufi O mahali pa sifuri, kistari, au maneno. Mikato unaiondoa kwa destring mahudhurio, replace ignore(","). Herufi O unarekebisha kwa replace. Maneno kama "haikuripoti" unayafanya pengo kwa amri uliyoiandika mwenyewe, ili ibaki kwenye do-faili kwamba ni uamuzi wako.

Tukiwa kwenye mapengo: kwa Stata pengo ni kubwa kuliko namba yoyote. Ukiandika count if mahudhurio > 500, kila kituo kisichoripoti kinahesabiwa kuwa kimezidi 500. Andika hivi siku zote:

    count if mahudhurio > 500 & !missing(mahudhurio)

## Hatua ya 7: Ufunguo

Ufunguo ni safu, au safu kadhaa kwa pamoja, zinazomtambulisha kila mstari peke yake. Hapa ni kituo na mwezi.

    replace kituo = strtrim(kituo)
    assert strlen(kituo) == 6
    isid kituo mwezi

Ile ya katikati ikigoma kuna kituo kimeshapoteza sifuri huko kilikotoka. Kirudishie, kisha endesha tena:

    replace kituo = substr("000000" + kituo, -6, 6)

Hakikisha tu si kituo kilichokosewa tarakimu, maana amri hii inajazia sifuri bila kuuliza, hata pasipo na namba kabisa.

Isid ikikubali haisemi kitu, ukimya wake ndio ushindi. Ikigoma kwa r(459), tafuta waliojirudia:

    duplicates tag kituo mwezi, generate(rudufu)
    list if rudufu > 0, sepby(kituo)

Yaangalie kwa macho. Kama mistari inafanana kila kitu, duplicates drop tupu inatosha. Kama mahudhurio yanatofautiana, mmoja unasema 40 mwingine 62, piga simu kituoni. Duplicates drop kituo mwezi, force inakubakizia mmojawapo bila kujali upi ni sahihi, na kwa data ya watu mimi siwezi kulala nikiwa nimefanya hivyo.

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu huku wameumia wengi. Watu wanapenda ufunguo wa namba, wanaandika generate id = ... wanajenga namba ndefu. Generate usipoiambia chochote inatengeneza namba aina ya float, na float inashika namba nzima kwa uhakika mpaka 16,777,216 tu. Zaidi ya hapo inakadiria. Weka 123456789 kwenye float, inahifadhiwa 123456792. Kwa hiyo kama data yako ni ya kaya, kaya tofauti zinaweza kupewa id moja, na wewe unahangaika na marudio ambayo hayapo kwenye data uliyokusanya. Ukilazimika kutumia namba, andika generate long mpaka tarakimu 9, au generate double kwa ndefu zaidi mpaka tarakimu 15. Kwangu mimi namba ya utambulisho ni maandishi, basi, hakuna mtu anayejumlisha namba za vituo.

Na ukiunganisha vipande, jazia sifuri. Kijiji 1 kaya 11 inatoa 111, kijiji 11 kaya 1 inatoa 111 vilevile. Tumia string(kijiji, "%03.0f") + string(kaya, "%03.0f") utapata 001011 na 011001.

## Hatua ya 8: Kuunganisha na orodha ya vituo

Orodha nayo iingize kwa import delimited yenye stringcols(_all) kwenye do-faili lake, ipitishe kwenye isid kituo, iseivu safi/orodha.dta. Kisha kwenye do-faili letu:

    merge m:1 kituo using "$mzizi/safi/orodha.dta"
    tabulate _merge

Ni m:1 kwa kuwa upande wetu kituo kinajirudia mara 12, upande wa orodha kipo mara moja. Amri ya m:m isahau kabisa, inafananisha mistari kwa jinsi ilivyopangana ndani ya kituo, na matokeo yake yanaonekana mazuri huku ni uongo.

Soma _merge hivi. 3 ni waliokutana. 1 ni kituo kilicholeta ripoti lakini hakipo kwenye orodha, karibu kila mara ni namba imekosewa. 2 ni kituo kipo kwenye orodha ila mwaka mzima hakikuleta kitu, na hicho ni habari muhimu sana, usikifute bila kukiandika.

    list kituo mwezi if _merge == 1
    list kituo jina if _merge == 2
    assert _merge != 1
    drop if _merge == 2
    drop _merge
    isid kituo mwezi
    assert _N == `jumla'

Kama uliondoa marudio kwenye hatua ya 7, andika local jumla = _N mara baada ya kuyaondoa, la sivyo hiyo ya mwisho itagoma kwa haki. Na kama pande zote mbili zina safu yenye jina moja, mfano kata, merge inabaki na ya upande wetu. Badili jina la mojawapo mapema.

## Hatua ya 9: Jitengenezee kifaa chako

Ukiona unaandika ukaguzi uleule kila kazi, ufanye amri. Hii yangu naiita kagua:

    capture program drop kagua
    program define kagua
        syntax varlist
        display "mistari yote: " _N
        foreach v of local varlist {
            quietly count if missing(`v')
            display "`v': mapengo " r(N)
        }
    end

Iweke juu kwenye do-faili, baada ya mistari ya kichwa, halafu popote andika:

    kagua kituo mwezi mahudhurio wapya

Kumbuka local za do-faili hazionekani ndani ya program, na za ndani hazitoki nje. Unachotaka kukitumia mle, kipitishe kama nilivyopitisha majina ya safu. Ukiizoea, toa mstari wa capture, iseivu kama kagua.ado kwenye folda ambayo amri ya sysdir inaiita PERSONAL, itapatikana kila ukifungua Stata. Ikikorofisha, set tracedepth 1 kisha set trace on, utaona kila mstari ukiwa makro zimeshafunguliwa. Ukimaliza set trace off.

## Hatua ya 10: Seivu, funga, rudia toka mwanzo

    compress
    save "$mzizi/safi/mahudhurio.dta", replace
    log close

Sasa funga Stata kabisa, ifungue upya, endesha do-faili zima bila kugusa kitu. Likisimama katikati, lilikuwa linategemea kitu kilichobaki kwenye kumbukumbu, mara nyingi local au global uliyoichapa kwa mkono. Likifika mwisho, fungua unganisha.log kwa Notepad, weka karatasi yako pembeni, linganisha miezi 12 mmoja mmoja. Mimi huwa naweka tiki kwa kalamu nyekundu, na sijaanza jedwali lolote mpaka Desemba iwe na tiki.